Kutweta ni kimoja, kubanwa ni kingine: miezi minne ya mazoezi kwa mnene mwenye pumu

Kila Januari, kabla jua halijachomoza, wanaonekana kando ya Northern Bypass ya Kampala wakiwa na raba mpya. Miongoni mwao hakosekani mwenye pumu aliyeambiwa kwamba uzito ndio unaomchosha, naye akaamua kuukimbiza. Anatimka. Dakika ya tatu koo limekauka, ya tano ameshika kiuno, ya nane ameketi juu ya kalvati akipapasa mfukoni kutafuta inhela. Anavuta mara mbili, hapati nafuu. Anavuta mbili nyingine, kisha mbili tena. Mikono inaanza kutetemeka, moyo unamwenda mbio kuliko alipokuwa akikimbia. Anarudi kwa boda na neno moja kinywani: mazoezi si ya watu wa pumu. Mbio za sakafuni huishia ukingoni, na hizi nyingi huishia wiki ya pili.

Tunaowasindikiza watu wa namna hii, tangu siku ya kalvati hadi siku wanapopanda kutoka Wandegeya mpaka lango la Makerere bila kusimama, tunajua kosa halikuwa uvivu wala woga. Kosa lilikuwa kuchanganya mambo mawili ambayo Kiswahili chenyewe kimeyatenga kwa majina. Kuna kutweta, na kuna kubanwa. Mnene mwenye pumu anaweza kuwa na vyote viwili, lakini dawa ya kimoja haiponyi kingine, na asiyevitenganisha atamaliza inhela kwa jambo ambalo inhela hailiwezi, au ataambiwa apunguze chakula wakati mirija yake ya hewa inawaka moto.

Kutweta huanzia tumboni. Chini ya mapafu kuna kiwambo, msuli mpana unaoshuka tunapovuta hewa na kupanda tunapoitoa. Mafuta yakijaa tumboni, kiwambo kinakosa pa kushukia. Yakilala juu ya mbavu, kifua kinakuwa kama kimewekewa gunia la mchanga. Mapafu yanakaa yamesinyaa hata mtu akiwa ameketi anakunywa chai. Unene wenyewe hupimwa kwa BMI, yaani uzito wa kilo ukigawanywa kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe: mwenye kilo 96 na urefu wa mita 1.63 ana BMI 36, na kuanzia 30 ndipo unene unapohesabiwa kuwa umekithiri. Utafiti wa vipimo vya mapafu uliochapishwa mwaka 2006 ulionyesha kwamba mwenye BMI 30, akishatoa pumzi ya kawaida, hubakiwa kifuani na kama asilimia 75 tu ya hewa anayobaki nayo mwembamba mwenye BMI 20. Na ile akiba ambayo angeweza kuisukuma nje zaidi ya hapo ni asilimia 47 ya ile ya mwembamba. Hiyo ni BMI 30, mlangoni tu mwa unene.

Akiba hiyo ina kazi. Vijia vidogo vya hewa havina mfupa wa kuvishikilia. Huachwa wazi na mapafu yenyewe yanapotanuka, kama turubai la harusini linavyosimamishwa na kamba zilizovutwa pande zote. Mapafu yakisinyaa kamba zinalegea, na vijia vya sehemu za chini vinajikunja na kujifunga. Tena pumzi ndefu ndiyo inayonyoosha misuli inayozunguka mirija na kuilegeza. Anayepumua kwa vipande vifupi siku nzima huiacha misuli hiyo ikaze.

Sasa mpandishe kilima. Akiwa ameketi alihitaji lita sita hadi nane za hewa kwa dakika. Kwenye mwinuko wa Kamwokya kwenda Kololo atahitaji arobaini au zaidi. Inabidi aitoe hewa haraka kupitia vijia vilivyokwishabana, na haitoki yote. Kabla haijaisha anavuta nyingine juu yake. Anaanza kupumua juu kwa juu, kwa mabega na shingo, na misuli hiyo ya kupumua nayo inadai oksijeni yake kabla miguu haijapata. Ukichukua yule wa kilo 96 ambaye angekuwa na 70, amebeba jerikeni ya njano ya lita 20 iliyojaa maji pamoja na chupa nne za lita moja na nusu. Hakuna anayeshangaa mtu mwenye mzigo huo akitweta Kololo. Wanashangaa tu kwa sababu mzigo hauonekani mkononi.

Kubanwa kuna njia nyingine. Mirija ya mwenye pumu huwa imevimba ndani, hata siku asiyojisikia vibaya. Hewa nyingi na kavu ikipita kwa kasi, hasa kwa mdomo, hukausha unyevu wa ngozi laini ya ndani; chumvi iliyobaki inazidi ukali, chembe za mwili zinamwaga kemikali, na misuli ya mirija inajikaza. Mambo hayo huchukua muda kidogo, na hapo ndipo siri ilipo. Kubanwa kwa pumu ya mazoezi kwa kawaida hufikia kilele dakika tano hadi kumi baada ya mtu kusimama, kukiwa na mluzi kifuani na kikohozi kikavu, na kunaweza kuchukua nusu saa hadi saa nzima kuisha. Kutweta kwa unene na kukosa mazoezi huanza njiani, kunapanda kadiri ya kazi, na ukisimama kunashuka ndani ya dakika chache.

Kwa hiyo kifaa cha kwanza ni saa. Siku za mwanzo tunamwomba mtu asihesabu kilomita bali aandike mambo matatu: pumzi ilianza kukatika dakika ya ngapi, ilikuwaje dakika ya pili baada ya kusimama, na ilikuwaje ya kumi. Anayeandika "dakika ya pili: nafuu, ya kumi: sawa kabisa" alikuwa anatweta. Anayeandika "ya pili: nafuu kidogo, ya kumi: kikohozi, kifua kama kimefungwa kamba" alibanwa. Wapo wanaotweta njiani, wakapumzika vizuri, wakadhani yamekwisha, kisha wakabanwa wakiwa ndani ya taksi.

Mwenye uwezo anunue kipima pumzi, kile kibomba cha plastiki chenye mshale unaopanda unapopuliza. Simama wima, jaza kifua, puliza kwa nguvu mara tatu, uchukue namba kubwa kuliko zote. Pima kabla ya mazoezi, kisha dakika ya 5, 10, 15 na 30 baada ya kusimama. Aliyeanza na 380 akashuka hadi 310 amepoteza asilimia 18. Kushuka kwa zaidi ya asilimia 15 kunaelekeza kwenye pumu ya mazoezi. Aliyeanza na 380 akapata 370 huku akihema kama mnyama aliyewindwa, huyo mirija yake haikubana, ni mzigo na misuli iliyolala. Peleka daftari hilo kliniki. Daktari akiweza kukufanyia spirometri, kipimo cha mapafu cha mashine, kabla na baada ya inhela ni bora zaidi, lakini daftari la wiki mbili linamwambia mengi kuliko "nachoka".

Yapo pia mambo ambayo si pumu wala si unene mtupu. Miguu kuvimba jioni, kushindwa kulala chali, maumivu ya kifua yanayoingia mkononi au kuzimia njiani: hapo usitembee hatua nyingine kabla moyo haujapimwa. Macho meupe na uchovu wa kila siku, damu ipimwe. Kwa wanawake wenye hedhi nzito hili husahauliwa sana. Mwenye kukoroma usiku, akikata pumzi hadi mwenzake anamtikisa, aseme, kwa maana usingizi wa namna hiyo huambatana sana na unene na huizidishia pumu.

Kliniki ndiko makosa ya gharama yanakofanyika. La kwanza ni vidonge vya salbutamoli, dawa ya kufungua mirija. Ni rahisi kupatikana kila duka la dawa, na mgonjwa anapenda kitu cha kumeza. Lakini kidonge kinazunguka mwili mzima kabla ya kufika kifuani, kinachelewa, kinatetemesha mikono na kuukimbiza moyo. La pili ni inhela ya bluu, yaani salbutamoli ya kuvuta, peke yake. Inafungua mirija, haiponyi uvimbe. Miongozo ya kimataifa ya pumu iliacha mwaka 2019 kushauri mtu mzima atumie hiyo peke yake. Inatakiwa iwepo dawa ya kutuliza uvimbe, ama beklometasoni ya kuvuta kila siku, ama budesonidi iliyochanganywa na formoteroli. Dawa ya uvimbe haionyeshi kazi siku ile ile. Ipe wiki nne hadi nane kabla hujasema haisaidii, na baada ya kuvuta sukutua mdomo na uteme, la sivyo utapata utando mweupe ulimini.

Hapa kuna ukweli mmoja unaowavunja watu moyo, afadhali usemwe mapema. Pumu iliyoanza ukubwani kwa mtu mnene, hasa mwanamke, mara nyingi huwa haiitiki dawa ya uvimbe kama pumu ya tangu utotoni. Mafuta ya mwilini nayo humwaga kemikali za uvimbe kwa njia yake. Dawa isiachwe, lakini mtu asidhani amepewa dawa feki kwa sababu jirani yake mwembamba alipona kwa wiki mbili.

La tatu ni predinisoloni, dawa ya uvimbe ya kumeza. Ni dawa inayookoa maisha mtu akiwa amebanwa vibaya, siku tano au saba. Balaa ni yule anayeinunua mwenyewe kila anapokosa pumzi. Inaongeza hamu ya kula, inajaza uso na tumbo, inapandisha sukari. Anayekunywa predinisoloni kwa ajili ya kutweta anaongeza kilo, kilo zinaongeza kutweta, anarudi dukani. Tumeiona duara hiyo ikimchukua mtu kutoka kilo 85 hadi zaidi ya 100, kila hatua akiamini anajitibu.

La nne lipo kwenye mfuko wa dawa nyingine. Mnene mara nyingi ana presha na magoti yanayouma. Propranololi ya presha inaweza kumfunga mwenye pumu vibaya sana. Mwambie daktari "nina pumu" kabla hajaandika chochote cha presha, na dawa za jamii hiyo ziulizwe moja moja. Diklofenaki, ibuprofeni na aspirini kwa baadhi ya watu huamsha pumu ndani ya saa chache. Ukiona umebanwa jioni ya siku uliyomeza dawa ya goti, usiilaumu hali ya hewa.

Juu ya bei hatutaji shilingi, kwa kuwa duka na duka hawalingani hata kwenye barabara moja. Ulizia matatu kabla hujalipa. Ila hesabu ya dozi ifanye mwenyewe. Inhela ya bluu ya kawaida ina mikupuo 200. Mikupuo miwili kabla ya kutembea, mara tatu kwa wiki, ni sita. Kwa kazi hiyo pekee itadumu miezi saba. Ikiisha ndani ya mwezi mmoja, ama pumu haijadhibitiwa ama unaivuta kwa ajili ya kutweta. Anayemaliza tatu au zaidi kwa mwaka yuko kwenye hatari kubwa zaidi ya kushambuliwa na pumu.

Halafu kuna namna ya kuvuta. Wengi wanaotuonyesha wanabonyeza kwanza wakavuta baadaye, na dawa inabaki kwenye ulimi. Spesa, kile chombo kinachokaa kati ya inhela na mdomo, inaondoa tatizo hilo, na si lazima inunuliwe. Mwaka 1999 watafiti wa Cape Town walionyesha kwamba chupa ya plastiki ya mililita 500 iliyotobolewa vizuri iliwahudumia watoto waliobanwa sawa na spesa ya dukani. Chukua chupa ya maji, ioshe kwa maji ya sabuni na uiache ikauke bila kuipangusa, maana kitambaa huipa umeme unaong'ang'aniza dawa kwenye kuta. Chora kitako cha chupa kwa kufuatisha mdomo wa inhela, pasha waya moto, yeyusha tundu hilo hilo lisilozidi, inhela iingie kwa kubana, uzibe ukingo kwa gundi au plasta. Tikisa inhela, toa pumzi taratibu, funga midomo kwenye shingo ya chupa, bonyeza mara moja, vuta polepole, shikilia kwa hesabu ya kumi. Subiri nusu dakika, kisha mkupuo wa pili. Mwenye kilo nyingi avute akiwa amesimama au ameketi wima. Ukiinama tumbo linapanda na pumzi haifiki mbali.

Ukiwa na dawa ya uvimbe inayofanya kazi, ndipo mazoezi yanaanza. Yule aliyethibitika kubanwa avute mikupuo miwili ya bluu dakika 10 hadi 15 kabla, au kinga aliyopangiwa na daktari. Kinga ya bluu huchukua saa mbili hadi nne. Aliyethibitika kutweta tu hana haja nayo. Akiivuta anapata mtetemo na moyo unaodunda, halafu anaogopa kwamba ni mazoezi.

Wiki mbili za mwanzo ni za aibu, na hatulipaki asali. Siku tatu kwa wiki, dakika kumi za mwendo wa pole kabisa kisha dakika kumi za mwendo wa kawaida kwenye tambarare, kisha dakika tano za kupoa. Ni mwendo ambao bibi mwenye kikapu atakupita. Kipimo ni mdomo wako: uweze kusema sentensi nzima lakini usiweze kuimba. Ukijipa alama kutoka 0 hadi 10, ambapo 0 ni kuketi na 10 ni kufa kwa kukosa pumzi, kaa kwenye 3 au 4. Ukifika 6 usisimame ghafla wala usiketi, punguza hatua. Vuta kwa hatua mbili, toa kwa hatua nne, midomo ukiwa umeikunja kama anayepoza uji. Kule kutoa kwa muda mrefu ndiko kunakoondoa hewa iliyokwama, na ukiona watu wanakufundisha "vuta pumzi nyingi" wakati umetweta, wanakuongezea hewa juu ya hewa.

Zile dakika kumi za mwanzo si pambo. Mirija ikishapashwa moto taratibu, hasa kwa vipande vifupi vya nusu dakika vya mwendo wa haraka vinavyofuatwa na mwendo wa pole, kama nusu ya wenye pumu ya mazoezi hupata kipindi cha saa moja hadi tatu ambacho mirija haibani kirahisi. Wanaoruka sehemu hii kwa kuona inapoteza muda ndio wanaorudi kwenye kalvati.

Wiki ya tatu na ya nne ongeza mwendo wa kawaida hadi dakika ishirini. Kufikia wiki ya nane fika thelathini, siku nne au tano. Shabaha ya Shirika la Afya Duniani ni dakika 150 kwa wiki. Siku mbili kati ya hizo weka kazi ya misuli: kuketi na kunyanyuka kwenye stuli mara kumi, pumzika dakika moja, rudia mara tatu, kusukuma ukuta, kuinua chupa za maji za lita moja na nusu. Mapaja yenye nguvu yanatumia oksijeni vizuri zaidi, kwa hiyo kifua kinadaiwa kidogo kwa kilima kile kile. Baiskeli ya kusimama, ukiipata, inafaa sana kwa sababu kiti kinabeba uzito. Kuruka kamba na mpira wa miguu viache mpaka mwezi wa nne wa mazoezi. Vinaumiza magoti na vinataka pumzi kwa mlipuko.

Mavazi yana neno lake. Ule mkanda wa kubana tumbo unaouzwa kwamba unayeyusha mafuta ni adui kamili wa kiwambo. Unasukuma tumbo juu pale pale ambapo tumetoka kueleza kwamba hapana nafasi. Koti la plastiki la kutoa jasho linapunguza maji, si mafuta, na kukauka kwa mwili hakumsaidii mwenye pumu. Sidiria iwe ya kushika bila kubana mbavu. Viatu funga mguu ukiwa juu ya stuli. Wapo wanaoishiwa pumzi kwa kuinama kufunga kamba kabla hawajatoka mlangoni, wakaanza safari wakiwa tayari wana alama 5.

Hewa ya Kampala inahitaji ratiba. Moshi na vumbi laini huzidi asubuhi watu wanapokwenda kazini, na tena kuanzia jioni. Usiku hewa hutulia mabondeni na kushikilia moshi wa sigiri, wa takataka zinazochomwa na wa magari, mpaka jua liipashe na kuinyanyua. Ndiyo maana alfajiri ya Bwaise, mtaa wa bondeni, inanuka moshi kuliko saa tisa alasiri. Vipimo vya AirQo, mradi wa Chuo Kikuu cha Makerere, vinaonekana kwenye simu. Tazama kituo kilicho karibu nawe kabla ya kutoka. Baada ya mvua ni wakati mzuri. Miezi ya kiangazi, Desemba hadi Februari na Juni hadi Julai, barabara za marram, zile za udongo, zinageuka unga, na taksi moja inakuharibia nusu saa. Tembea kwenye nyasi za uwanja wa shule au uani. Walio Kabale, kwenye milima ya kusini-magharibi, wana shida nyingine, baridi ya asubuhi: funika pua na mdomo kwa skafu nyepesi ili hewa iingie ikiwa na unyevu, au subiri saa nne. Na sigiri isiletwe ndani ya nyumba kwa sababu ya mvua. Mazoezi ya saa moja hayawezi kushindana na saa tatu za moshi wa mkaa.

Uzito wenyewe utashuka polepole kuliko unavyotamani, ila kifua kinaanza kuhisi mapema. Asilimia 5 hadi 10 inatosha kuboresha pumu kwa wengi, yaani kilo tano hadi tisa na nusu kwa yule wa 96. Nusu kilo kwa wiki ni mwendo mzuri. Mazoezi peke yake hayatakufikisha; sahani ndiyo yenye kazi. Matoke si mkosaji mkuu kama watu wanavyodhani. Tazama kwanza soda: ya nusu lita ina karibu gramu 50 za sukari, vijiko kumi na viwili vya chai. Tazama rolex ya jioni, chapati mbili zilizolowa mafuta na mayai ndani yake, inayoliwa juu ya chakula cha kawaida na kuitwa "kionjo". Tazama binyebwa, ule mchuzi wa karanga, kwa kuwa karibu nusu ya karanga ni mafuta. Kijiko kikubwa kimoja au viwili vinatosha, si bakuli. Nusu ya sahani iwe mboga za majani kama dodo, nakati au kabichi, robo maharagwe au samaki, robo iliyobaki ndiyo posho, yaani ugali, au matoke. Usitembee kwa nguvu ndani ya saa mbili baada ya mlo mzito, tumbo lililojaa nalo linasukuma kiwambo. Na ule mlo wa saa nne usiku usogezwe mbele: kiungulia kinachopanda ukilala ni chanzo kikubwa cha kikohozi cha usiku ambacho watu hukiita pumu.

Kuna jambo ambalo hakuna kipimo cha kliniki kinacholigusa. Miaka ya 1980 Uganda iliuita UKIMWI silimu, kwa sababu ya kukonda, na neno hilo bado linaelea vikaoni. Mama akipunguza kilo sita, shangazi anamshika mkono na kumuuliza kwa sauti ya chini kama yuko salama. Mume anaambiwa hamlishi mkewe. Tumewaona watu wakirudi kwenye soda na chapati ili waonekane wazima. Afadhali kuwaambia wa nyumbani mapema, kwa maneno rahisi: ninapunguza kwa ajili ya pumu, musawo (daktari) anajua, nitafika kilo hizi. Vivyo hivyo kuhusu inhela; bado kuna wanaoamini kwamba ukiianza umefika mwisho au utakuwa mtumwa wake, na kwa hiyo wanaificha kwenye mkoba, na siku wakibanwa wenzao hawajui iko wapi.

Mwezi wa pili au wa tatu wa mazoezi mafua yatakuja. Usitembee ukiwa na homa au kifua kinachopiga mluzi. Mluzi ukiisha na kipima pumzi kikirudi karibu na namba yako ya kawaida, anza nusu ya ulipoishia kwa wiki moja. Wanaojilazimisha ili wasipoteze ratiba hupoteza mwezi.

Ukibanwa njiani licha ya yote, simama na keti wima magoti yakiwa yametengana ili tumbo lipate pa kwenda, au egemea ukuta kwa mikono. Mikupuo minne kwa spesa, mmoja mmoja, pumzi nne kwa kila mmoja. Subiri dakika nne. Bila nafuu, mingine minne, na hapo mtu awe tayari anatafuta gari la kukodi, si boda. Asiyeweza kumaliza sentensi, midomo inayogeuka rangi, kifua kilichonyamaza bila mluzi huku mtu akipambana, usingizi wa ghafla: nenda hospitali ukiendelea kumpa inhela njia nzima.

Mwezi wa nne ndipo tunapomleta Wandegeya. Kwanza anazunguka tambarare dakika kumi na tano. Kisha dakika moja ya kupanda, mbili za mwendo wa pole, tena moja ya kupanda, hatua fupi, mabega yakiwa chini, midomo imekunjwa. Langoni haketi, anatembea huku na huko dakika tano ndipo anatoa kipima pumzi. Huenda bado ana kilo 90 na shati limelowa na wanafunzi wanampita wakicheka. Anapiga namba dakika ya tano, ya kumi, ya kumi na tano, anaziandika chini ya ile ya kabla ya kupanda: 380, kisha 374, 372, 378.